Siku Vaifale Alipokataa Kukaa

Nyumbani kwa Vaifale hasira ilikuwa haitoki bila kupimwa. Mambo hayo yalianza miaka miwili nyuma, pale nesi Pelenatete wa zahanati ya kijiji cha Fagaloto alipomwanzishia sindano za insulini, kisha akamkalisha mkewe pembeni na kumfundisha dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, na ukali usio na sababu. Faapaia alizisikia zote tano, ila iliyomkaa moyoni ilikuwa ya tano. Kwa miaka thelathini na minne ya ndoa alikuwa akitafuta maelezo ya ukali usio na sababu, na sasa zahanati ilikuwa imempa, tena bure.

Tangu siku hiyo Vaifale akipandisha sauti kwa lolote, iwe nguruwe waliobomoa ua au mkwe aliyeazima msumeno akarudisha mpini, mkewe humjia na kile kimashine cha kupimia sukari, humkamata kidole na kumtoboa.

"Niache, mwanamke! Nimekasirika tu!"

"Tutaona."

Kimashine kinafikiri. Wote wawili wanasubiri, yeye kwa kupumua juu juu, mkewe kwa subira ya mtu anayechemsha yai.

"Tano pointi nane," anasema Faapaia. "Haya, hasira ni yako mwenyewe. Endelea."

Lakini nani anaweza kuendelea? Hasira ukiipanga foleni inapoa. Vaifale hubaki amesimama katikati ya nyumba na kidole chake kinachovuja, hata mpini wa msumeno ameshausahau.

Na mara nyingine, lazima tuseme kweli, kimashine kilisema tatu pointi nne. Siku hizo hasira haikuwa yake. Midomo hufa ganzi, shati hulowa, na yeye hushikilia kwamba hana neno. "Niko sawa," husema mara ya kwanza kwa adabu. "Niko sawa," mara ya pili kwa meno. Akifika "NIKO SAWA!" ya tatu, Faapaia hahangaiki tena na kidole, anamshika kidevu na kumnywesha juisi kama ndama. Baada ya robo saa anampima tena, anampa kipande cha mkate, na Vaifale anajirudia, mpole wa siku zote, anakwenda uani kuwaomba radhi nguruwe. Haikuwa jambo kubwa. Hakuwahi kuzimia hata siku moja. Lilikuwa jambo la mara mbili tatu kwa mwezi, la kumuaibisha mtu tu, na ubaya wake ni kwamba lilimfanya asijiamini. Akihisi moto kifuani hujiuliza kwanza: huu wangu, au wa sukari?

Mtu mwingine asingejali. Vaifale alikuwa msemaji wa ukoo, na msemaji asiyejua hasira yake ni ya nani ana kazi ngumu.

Wageni wakija Fagaloto, wasemaji wa koo zote hutoka uwanjani wakasimama kwa safu, vifua wazi, kila mmoja na fimbo yake ndefu na usinga begani. Kabla neno moja halijawafikia wageni, huanza kuvutana wao kwa wao, kwa sauti ya chini na heshima nyingi, nani apewe nafasi ya kuhutubia. Kila mmoja anaitaka, kila mmoja ana sababu zake, na mmoja mmoja huachia na kukaa chini majanini mpaka abaki mmoja. Huyo ndiye husema. Mvutano huo wenyewe wanauita faatau, na siku yenye wabishi wageni wanaweza kusubiri saa nzima huku wakijifanya hawaoni njaa.

Kwa miaka kumi na moja aliyebaki amesimama alikuwa Lauofo. Lauofo alikuwa na mwili wa mlango na sauti ya kengele, na alijua udhaifu wa Vaifale, nao ni adabu. Alikuwa akimwambia tu, "Mheshimiwa Vaifale, jua kali, usijitese," na Vaifale anajisikia akijibu, "Nakuachia." Kisha anakaa. Kisha anarudi nyumbani na kumwambia mkewe yale yote ambayo angeyasema, na mkewe anatafuta kidole.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Wageni waliokuja kusherehekea paa jipya la kanisa walikuwa watu wa Lepua, kisiwa cha pili, na Lepua ndiko alikozaliwa Sinapati, mama yake Vaifale. Mama alikufa mwaka uliopita katikati ya msimu wa mvua. Bahari ilichafuka siku nne, feri haikuondoka, na watu wake hawakufika kumzika. Alizikwa mbele ya nyumba kwa nyimbo za Fagaloto peke yake. Jina lake lilikuwa halijatajwa uwanjani mbele ya watu wake hata mara moja, na jambo hilo lilimuuma Vaifale kila alipopita pale kaburini na ndoo ya nguruwe. Alitunga hotuba miezi mitatu. Aliwahutubia nguruwe hadi wakaijua.

"Leo sikai," alimwambia mkewe Jumamosi hiyo asubuhi.

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Leo sikai, Faapaia."

Mkewe akamtazama, akatazama kimashine, akaamua kumwacha.

Wageni walitarajiwa saa mbili, na chakula baada yao. Saa moja Vaifale akajichoma sindano yake kama kawaida. Nesi Pelenatete alikuwa amemwonya mara mia asijichome kabla sahani haijawa mbele yake, na sahani ilikuwepo, ina magimbi na ndizi na samaki wa jana. Alikula vipande viwili vya gimbi akaisukuma.

"Kula," Faapaia akasema.

"Nikishiba koo linaziba. Nitakula na wageni saa tatu."

"Na hizi je?" Alikuwa na vidonge sita vya glukosi vya nesi, vile vikubwa kama vifungo vya koti, anavifunga katika pindo la shuka ya kiunoni mwa mumewe.

"Mimi ni msemaji wa ukoo, siyo kibanda cha peremende!"

"Basi kibanda kitahutubia," akasema Faapaia, akakaza fundo.

Feri ilichelewa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, wanawake wakafunika chakula kwa majani mara ya pili, na Vaifale akawa anazunguka uwanjani akirudia hotuba kimoyomoyo. Watu wa Lepua wakaingia saa nne na dakika ishirini, na kwaya yao, na wazee wao, wakakaa ndani ya nyumba kubwa isiyo na kuta, miguu imekunjwa, nyuso zimeelekezwa uwanjani. Wasemaji sita wa Fagaloto wakatoka juani wakasimama.

Wanne waliachia haraka kwa sababu harufu ya nguruwe wa kuokwa ilikuwa inatoka jikoni na wao ni watu. Wakabaki wawili.

Lauofo akageuza shingo kidogo. "Mheshimiwa Vaifale," akasema kwa ile sauti ya chini inayosikika mbali, "paa hili nimelisimamia mimi tangu bati la kwanza. Nafasi hii ni ya kamati. Jua kali. Usijitese."

Neno "nakuachia" lilikuwa tayari mdomoni kwa Vaifale, limeizoea njia. Lakini midomo yenyewe ilikuwa imeanza kufa ganzi.

"Hapana," akasema.

Wasemaji wanne waliokaa wakainua vichwa kwa pamoja.

"Samahani?" akasema Lauofo.

"Umenisikia."

"Nimesikia 'hapana'."

"Basi masikio mazima."

Faapaia, aliyekuwa ameketi na wanawake kwenye ukumbi wa upande wa pili, hakusikia maneno lakini aliona mabega. Mumewe hakuwa na mabega ya namna ile. Akamgusa nesi Pelenatete ubavuni. "Jasho lile," akasema, "ni la jua au?"

Nesi akakunja macho. "Amekula?"

"Vipande viwili."

"Mungu wangu," akasema nesi. Wakatazamana. Hakuna la kufanya. Kuukatiza uwanja wasemaji wakiwa wamesimama ni jambo ambalo hata kuku wa Fagaloto hawalifanyi.

Uwanjani Vaifale alikuwa akisikia moyo wake masikioni. Alijua vizuri kinachoendelea, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa na mwizi, na wakati huohuo hakutaka kabisa kukijua. Kilichomshangaza ni ule ubishi. Kumbe ndivyo Lauofo anavyojisikia kila siku! Mtu akisema hivi, wewe unasema vile, na hakuna aibu yoyote. Alikuwa anaufurahia.

"Umeongea miaka kumi na moja," akamwambia. "Huchoki? Mimi nimechoka kwa kukusikiliza tu."

"Kamati ya paa..."

"Paa, paa! Paa lenyewe linavuja upande wa vinanda."

"Linavuja wapi? Nani kasema linavuja?"

"Kila mtu. Kasoro wewe, maana unakaa upande mkavu."

Lauofo akavuta pumzi. "Paa hili," akasema, "nimelisimamia mimi tangu bati la kwanza. Nafasi hii ni ya kamati. Jua kali."

Vaifale akasubiri yaliyo mapya. Hayakuja. Lauofo, mtu asiyerudia hoja hata akiombwa, alikuwa ameirudia neno kwa neno. Ndipo Vaifale akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Matone ya jasho yalikuwa yamejipanga juu ya mdomo wa mwenzake. Ncha ya fimbo yake ilikuwa inagonga ardhi yenyewe, tik tik tik, na mwenyewe hana habari.

"Unatetemeka," akasema Vaifale.

"Niko sawa."

"Fimbo yako inacheza."

"Niko sawa, nimesema." Hii ilitoka kwa meno.

Vaifale akazitambua hizo "niko sawa" mbili, maana zilikuwa zake. Hakutaka kuuliza swali la tatu, lakini alilazimika kujua. "Lauofo. Jina la mkeo nani?"

"NIKO SAWA!"

Nyumba ya wageni ikasikia hiyo. Mzee wa Lepua akaitikia kwa kichwa, akidhani ni hoja.

"Tangu lini?" Vaifale akanong'ona.

"Tangu lini nini?"

"Sindano, bwana! Usinichezee. Nimevaa kiatu hichohicho."

Macho ya Lauofo yakawa ya mtu aliyefumaniwa. "Tangu Pasaka."

"Mbona zahanati hatukuoni?"

"Naenda ng'ambo. Ijumaa, basi la kwanza, feri ya kwanza. Sitaki maneno ya watu."

"Sisi tulidhani una mwanamke huko."

"Bora hivyo," akasema Lauofo. "Mwanamke ni sifa. Sindano ya kila siku ni nini? Msemaji gani anayebanwa tumbo na mkewe kila asubuhi achomwe kama mtoto wa kliniki? Wangeniweka chini, Vaifale. Wangesema mzee anaumwa, apumzike. Na mimi nisiposema, mimi ni nani?"

Vaifale alilijua swali hilo.

"Umekula nini leo?"

"Kipande cha shelisheli. Nikishiba koo linaziba."

Kichwa cha Vaifale hakikuwa kinafanya kazi vizuri, mawazo yalikuwa yanakuja moja moja kwa kujikokota. La kwanza lilikuwa kuachia, akae chini kama siku zote. Lakini Lauofo akibaki peke yake itambidi ahutubie nusu saa nzima kwa miguu ile, na hataimaliza. La pili lilikuwa kupaza sauti na kumwita nesi mbele ya wote. Lauofo atachukuliwa, siri itamwagika, na uwanja utabaki wa Vaifale kwa miaka iliyobaki. Ningesema wazo hilo halikumpata ningekuwa mwongo. Lilimpata, likamzunguka, akalitazama, na lilikuwa zuri. Kisha akaona ile fimbo inavyogonga, tik tik tik, na akaona aibu.

Akapeleka mkono kiunoni na kufungua fundo. Vidole havikutii, alilifungua kwa taabu. "Nyosha mkono," akasema. "Ufiche na fimbo."

"Nini hicho?"

"Sukari. Vitatu vyako, vitatu vyangu."

"Mbele ya wageni? Nile peremende mbele ya Lepua, niko na usinga begani?"

"Kula, au namwita Pelenatete kwa sauti ya hotuba."

"Huna sauti ya hotuba. Hujawahi kuhutubia."

"Kula, mbwa wewe!"

Kila msemaji wa kule hupitisha usinga usoni mara kwa mara, bega la kulia, bega la kushoto, kufukuza inzi na kuonyesha hadhi. Lauofo akapitisha wa kwake taratibu kulia, na vidonge vitatu vikaingia. Vaifale akapitisha wa kwake kushoto. Kisha wote wawili wakasimama wima, mashavu yamevimba, wakitazama mbele.

Kukawa kimya.

Hakuna aliyewahi kuona faatau ya namna ile. Wasemaji wawili, wakubwa wa Fagaloto, baada ya maneno makali, wamenyamaza ghafla na kusimama bega kwa bega bila kusema kitu. Dakika ya kwanza watu walisubiri. Dakika ya tatu wakaanza kuona uzito wake. Mwalimu wa kwaya ya Lepua akawanyamazisha waimbaji kwa kidole. Wasemaji wanne majanini wakainamisha vichwa, mmoja akafumba macho. Mzee wa wageni alinong'ona kwa jirani yake kwamba babu yake alikuwa akisimulia heshima ya kimya kama hii, ambayo siku hizi vijana hawaijui, na akatoa kitambaa akapangusa macho.

"Nini kile?" Faapaia akauliza huku ukumbini.

"Vidonge," akasema nesi Pelenatete, midomo haichezi. "Lakini kwa nini mashavu manne?"

Uwanjani kukasikika mlio wa kitu kikivunjika.

"Usitafune!" Vaifale akapenyeza kwa pembe ya mdomo.

"Ukitafuna inafika haraka. Daktari wangu kaniambia."

Ilikuwa kweli. Vaifale akatafuna pia. Wakasimama hapo wakimung'unya mbele ya vijiji viwili, kwa dakika kumi hivi, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Polepole dunia ikaanza kurudi mahali pake. Midomo ikapata hisia. Moyo ukashuka kutoka masikioni. Fimbo ya Lauofo ikaacha kugonga, na uso wake ukapata rangi yake.

Lauofo akameza, akajilamba meno, akajinyoosha hadi akawa mlango tena.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Sitasahau. Haya, tuendelee. Jua kali, niachie."

Vaifale hakuamini. "Nimekupa vidonge vyangu!"

"Nimeshukuru. Vidonge ni vidonge, hotuba ni hotuba."

"Wewe mtu huna haya?"

"Usikasirike. Hiyo ni sukari, bado haijakupanda vizuri. Kaa kidogo upumzike."

Moto ukampanda Vaifale kuanzia tumboni. Kwa mazoea akajikagua. Mikono ilikuwa imetulia. Jasho lilikuwa limekauka. Midomo ilikuwa yake. Hakukuwa na pa kuusingizia moto ule.

"Hapana," akasema. "Hii ni yangu. Nisikilize, Lauofo, sitarudia. Wale pale ni watu wa mama yangu. Wewe ulikula kwake tangu huna meno ya mbele. Nimemzika bila hata mmoja wao, na tangu siku ile hakuna aliyesimama hapa akalitaja jina lake wakasikia. Miaka kumi na moja nimekuachia, wala sikukudai chochote. Leo ukitaka nikae, nibebe."

Lauofo akafungua mdomo. "Utalia," akasema, na hakukuwa na dhihaka ndani yake. "Hotuba ya kulia si hotuba."

"Nitalia. Niache nilie."

Lauofo akatazama nyumba ya wageni, akatazama ardhi. Kisha akapandisha ile sauti yake ya kengele ili kila mtu asikie. "Fagaloto na Lepua! Leo nafasi hii nimemwachia mheshimiwa Vaifale!" Akakaa majanini nyuma yake kwa kishindo kilichosikika hadi ukumbini, na Faapaia akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Vaifale akapiga hatua mbele. Akaegemea fimbo. Akafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Hotuba ya miezi mitatu ilikuwa haipo. Sukari inaposhuka huondoka na vitu, na ikirudi hairudi navyo vyote siku hiyohiyo. Alikumbuka nguruwe, alikumbuka hata yule mwenye sikio lililochanika alivyokuwa akisikiliza, lakini maneno hayakuwepo. Na mwanzo wa hotuba ni heshima za wageni, majina ya vyeo vya Lepua kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine. Ukiruka moja umewatukana, na matusi hayo wajukuu wao watayakumbuka. Jasho likaanza upya, na hili lilikuwa la woga.

"Tuimalefau," ikasema sauti majanini.

Vaifale akashtuka kama aliyechomwa.

"Anza na Tuimalefau," akanong'ona Lauofo. "Halafu watoto wawili wa Leotasoa. Sema, bwana, usisimame tu kama mgomba."

"Heshima kwako Tuimalefau," akasema Vaifale, "na kwenu, watoto wawili wa Leotasoa..."

"Na nyumba ya kisima."

"...na nyumba ya kisima..."

Mnong'ono wa Lauofo haukuwa mnong'ono hasa. Nusu ya uwanja iliusikia. Lakini watu wa Lepua ni waungwana, wakatazama dari kila ulipotoka, wakiitikia "vema, vema" kila Vaifale aliporudia. Wakafika mwisho wa vyeo bila kuruka hata kimoja.

"Sasa mama," akanong'ona Lauofo. "Hapo sina la kukusaidia."

Vaifale akaweka usinga begani. Akaacha kuitafuta ile hotuba.

"Mwaka jana nilimzika mtu wenu," akasema. "Bahari ilikataa, hamkufika, sikuwalaumu. Alikuja hapa msichana na sanduku moja. Alikaa miaka sitini na mitatu, na hadi anakufa alikuwa akiwaita samaki kwa majina ya kwenu, na sisi tulikuwa tukimcheka. Tulicheka vibaya. Tangu afariki, mimi nawaita hivyohivyo, wala hakuna anayenielewa sokoni." Mtu akacheka ndani ya nyumba kubwa, kicheko kilichogeuka kitu kingine. "Alipokuwa mgonjwa aliniuliza kila siku kama feri imefika. Nilimwambia kesho. Leo imefika. Nimesimama hapa niwaambie kwamba alikuwa kwetu, tulimpenda, na jina lake..." Koo likaziba, lile koo ambalo hakulishibisha asubuhi. Akajikaza. "Jina lake ni Sinapati."

Mara sauti nyembamba ikatoka nyuma kabisa ya nyumba, walikokaa wanawake wa Lepua.

"Nani? Sisikii. Kasema nani?"

Watu wakageuka. Kikongwe mmoja mdogo sana alikuwa anainuka, ameshikwa kwapa na wanawake wawili wanaojaribu kumkalisha. "Niacheni! Nimepanda meli na miguu hii. Kasema jina gani? Sema tena, baba!"

Msemaji harudii, na kikongwe haongei na uwanja. Vaifale akamtazama yule bibi, kidevu kile, namna ile ya kusimama mguu mmoja mbele kidogo, na akaelewa ni nani. Ni mdogo wake mama, ambaye hakuwahi kumwona ila kwa picha moja ya harusi.

"Sinapati!" akasema kwa nguvu zaidi.

Kikongwe akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. "Tena!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Vaifale hadi kifuani, na hakujipangusa.

"Mtajie, mzee," akanong'ona Lauofo kutoka majanini, sauti yake nayo imelowa. "Mtajie hata mara mia. Mimi nasubiri."

Vaifale akajaza kifua hewa. Akamwita mama yake kama alivyokuwa akimwita utotoni kutoka ufukweni, kwa sauti ambayo Fagaloto haikujua kwamba anayo.

"Sinapati!"

Na yule bibi, aliyekuwa amesikia tangu mara ya kwanza, akajinasua mikononi mwa wenzake, akasimama peke yake, akaitika kwa niaba ya dada yake.

"Abee!"